Mtungi wa Zawadi

Aloys Wathome alikuwa mtu wa firimbi. Manyapara wengine huita watu kwa mdomo, mdomo ambao Mungu alimpa kila mtu bure, lakini Aloys alijinunulia firimbi ya refa pale soko la Kangundo, akaitia kamba ya kiatu, akawa anaivaa shingoni hata Jumapili akienda misa. Tena alivaa gambuti mwezi wa kwanza, wakati vumbi la shamba la Mutunga linafika kwenye vifundo vya miguu na hakuna mtu anayekumbuka tope linafanana vipi. Alitembea katikati ya miembe kifua mbele, kama mtu aliyeizaa. Na miembe si yake. Mutunga mwenyewe anakaa Syokimau, na akija shambani hashuki kwa gari. Cha Aloys mle ndani ni firimbi, na gambuti, na zile sifa alizojipa.

Ndila alimwona siku ya kwanza na akamdharau siku hiyo hiyo.

Hakuwa amekuja kumtafuta Aloys. Alikuja kumlinda mtoto. Mutindi, binti yake wa pekee, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kukaa nyumbani akingoja kuitwa chuo kulimshinda. Kila asubuhi wasichana wa pale juu walikuwa wanateremka kwenda kuchuma maembe ya Mutunga, huko chini ambako vilima vya Kangundo vinaisha na joto linaanza. Jioni walirudi wamechoka lakini wanacheka, na Mutindi alikuwa akiwaangalia kutoka mlangoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndila alimkataza. Mutindi akanuna. Ndila akamkataza tena, na Mutindi akaanza kula peke yake jikoni. Mwisho Ndila akasema, "Sawa. Utaenda. Na mimi nitaenda."

"Mwaitu, watu watanicheka. Nani huenda kazi na mamake?"

"Wewe."

Akaenda naye. Njia nzima Ndila alikuwa anahesabu kichwani mambo ya kuogopa: matawi yanayovunjika, nyoka kwenye majani makavu, wanaume wa kubeba kreti, madereva wa lori. Uji hakuuweka kwenye hesabu. Mama gani ataweka uji?

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuelewa. Mmoja anachuma kwa fimbo ndefu yenye mfuko kwenye ncha. Mwingine anapokea embe, anakata kikonyo, halafu analilaza kichwa chini kwenye nyasi ili utomvu umwagike bila kuchoma ganda. Utomvu ukikurukia usoni unakuacha na madoa kama mtu aliyemwagiwa chai, kwa hivyo wanawake walijipaka mafuta ya kupikia mikononi na mashavuni, na kufikia saa tatu wote walikuwa wanang'aa na wananuka mandazi. Ndila na Mutindi walifanya kazi pamoja siku moja tu. Siku ya pili Aloys akapuliza firimbi mbele ya nyuso zao, ingawa alikuwa amesimama karibu kiasi cha kunong'ona.

"Mama na mtoto hawawezi kaa mti mmoja. Mnapiga hadithi. Mama, wewe nenda laini ya mwisho. Mrembo abaki hapa karibu na banda."

"Ako na jina," Ndila akasema.

"Nalijua jina lake, mama. Najua majina ya watu wangu wote."

Watu wangu. Hilo ndilo neno lake. Aliligawa kama padre anavyogawa ekaristi, na wale wanawake, watu wazima, wengine wana wajukuu, walifungua midomo. Aliyekuwa mtu wa Aloys alipewa miti ya karibu na kivuli. Alichekeshwa. Alipoomba ruhusa ya kwenda mazishi hakuulizwa marehemu ni nani. Mkubwa wao alikuwa Mbithe, mwanamke wa rika la Ndila ambaye huo ulikuwa msimu wake wa tatu, na ambaye alimtaja Aloys kila baada ya maneno manne kama mtu anayeumwa na jino.

"Aloys ni mtu wa roho safi," Mbithe alimwambia Ndila. "Utaona. Anapeana mpaka mitungi."

Ndila akaona. Ijumaa ile Aloys aliwaita wote mbele ya banda, akatoa mitungi mitano myeupe, ile ya plastiki ngumu yenye mkono na kifuniko chekundu. Karatasi za maandishi zilikuwa zimebanduliwa, lakini gundi ilibaki, na vumbi lilikuwa limeshika kwenye gundi. Akaipanga mbele yake kama vikombe vya mashindano.

"Aloys hasahau mtu," alisema. Alipenda kujitaja hivyo, kana kwamba Aloys ni mkubwa fulani aliyemtuma. "Mtungi kama huu sokoni hupati. Maji haimwagiki, mende haingii. Nimeisuuza mimi mwenyewe kwa tanki."

Wakapiga makofi. Takataka ya shamba, kitu ambacho alipaswa kukichimbia shimo, na watu wazima wanapiga makofi. Mtungi wa tatu akampa Mutindi, na Mutindi akaupokea kwa mikono miwili na goti kidogo, vile mama yake alivyomfundisha kupokea vitu kwa watu wa maana.

Ndila amekulia kwenye kahawa. Baba yake alikuwa anapiga dawa ya mibuni kila msimu, na dawa ikiisha aliitoboa mitungi kwa msumari na kuitumbukiza chooni, na mtoto aliyeigusa alichapwa kwanza, akaelezwa baadaye. Siku moja aliukata mmoja kwa panga ili watoto waone. Mkono wa mtungi, pale unaposhika, una uwazi ndani kama mfupa. Ukisuuza tumbo la mtungi, mkono haupati maji. Dawa inakaa mle, nzito, haijachanganywa na kitu, inangoja siku utakapoinamisha mtungi vizuri. Watu wa mibuni wanajua hivyo. Wengi wa wale wachumaji walitoka upande wa Lukenya na Kinanie, watu wa mifugo na mawe, na kwao mtungi ni mtungi.

Jioni, nyumbani, Ndila alimweleza binti yake habari ya mkono. Lakini alianza kwa kumtukana Aloys. Alimwita jogoo wa gambuti, akamwita kibarua anayejiita mkubwa, akauliza ni mwanamume gani anatongoza wasichana kwa takataka. Alipofika kwenye mkono wa mtungi, Mutindi alikuwa ameshaacha kusikiza, aliishia pale kwenye matusi.

"Kwa kina Mbithe wanaweka maji ya kunywa ndani," Mutindi akasema.

"Na kwa kina Mbithe akili wanaweka wapi?"

"Mwaitu, wewe hakuna mtu unapenda."

"Hicho kitu hakilali kwangu. Tupa chooni."

Mutindi akatoka nacho, akarudi mikono mitupu, akasema ametupa. Ndila akaridhika. Kumbe choo hakikuona kitu. Mtungi ulilala kwa kina Mwelu, rafiki yake wa jirani, chini ya kitanda.

Sasa, pale shambani kwa Mutunga kuna zamu ya uji. Mwenye shamba hatoi hata maji, kwa hivyo wachumaji wamejipangia wenyewe: kila siku mtu mmoja analeta uji wa watu wote, uji mchachu wa wimbi, na saa nne unanywewa pamoja, kikombe kikizunguka. Mgeni lazima alete. Ukikosa zamu yako utaitwa mchoyo mpaka maembe yaishe. Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu wa Ukambani amelinyonya na maziwa: aliyeleta ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote, na kumeza waone. Hapo ndipo wengine wanakunywa na mioyo yao imetulia. Si kwamba wanakushuku. Ni heshima tu. Lakini jaribu kutoonja uone.

Zamu ya Mutindi ilifika Jumatano. Alipika uji mapema akasikia maonyo ya mama yake tena, kwamba atembee upande wa kulia wa barabara, kwamba asipande pikipiki, halafu akaondoka na Mwelu wakati Ndila bado anakamua ng'ombe. Ndila alipoingia jikoni kuchukua leso aliona ile ndoo ndogo ya uji, yenye mfuniko wake, aliyoiosha jana yake jioni. Ilikuwa kwenye kichanja, kavu.

Alisimama akiiangalia. Sufuria lilikuwa tupu. Uji umeenda. Umeenda na nini?

Alijiambia kina Mwelu wamemwazima kitu. Alijiambia hivyo mpaka mtoni, na baada ya mto akaacha kujiambia na kuanza kukimbia, mwanamke wa miaka yake, viatu mkononi. Alipofika kwenye lango Aloys alikuwa amesimama katikati na firimbi mdomoni.

"Mama Mutindi. Jua limekuamsha au umeliamsha?"

"Mtoto wangu ako wapi?"

"Ako kazi. Wewe ndio uko nje ya kazi. Laini ya mwisho, haraka, kabla nibadilishe nia."

Ndila alichungulia nyuma yake. Hakuona Mutindi, aliona miti tu, na mgongo wa Mbithe. Akaona akigombana hapo atafukuzwa na mtoto atabaki ndani bila yeye, kwa hivyo akaenda laini ya mwisho. Alichuma vibaya siku ile. Alikuwa anakata vikonyo huku amegeuza shingo, na utomvu ukamrukia kidevuni bila yeye kusikia.

Firimbi ya uji ilipolia alikuwa wa kwanza kuondoka, lakini laini ya mwisho ni ya mwisho kweli. Alipokaribia banda, wanawake walikuwa wameshakaa kwenye kreti zilizopinduliwa chini juu. Katikati yao Mutindi amesimama. Mtungi mweupe, kifuniko chekundu kimefunguliwa. Alikuwa ameuinamisha, mkono juu, na uji unatoka taratibu ukiingia kwenye kikombe cha bati.

"Onja, mwiitu, binti yangu," Mbithe alikuwa anamwambia kwa sauti nzuri. "Onja tukunywe."

Mutindi akainua kikombe. Ndila hakuwa na pumzi ya kusema. Alifika tu na mkono, na kikombe kikaruka kikagonga ukuta wa banda.

Uji ulikuwa kwenye kifua cha Mutindi, na kwenye vumbi, na kidogo kwenye sketi ya Mbithe. Mbithe aliipangusa polepole, halafu akauliza bila kuinua macho.

"Ndila. Kwa nini umezuia mtoto kuonja uji wake?"

"Huo mtungi ni wa dawa."

"Mtungi kama huu niko nao kwa nyumba mwaka wa tatu."

"Basi una bahati miaka mitatu."

"Mimi nimeuliza swali lingine." Mbithe alisogeza kreti yake nyuma, na waliokuwa karibu naye wakasogeza za kwao. "Mtu anamwaga uji wa mtoto wake kabla mtoto ameze. Hajangoja tukunywe sisi alafu amwage. Amemwaga wakati ilikuwa zamu ya mtoto wake. Kwani alijua nini?"

Hakuna aliyetaja lile neno. Halikuhitaji kutajwa. Lilikuwa limeshakaa pale kati yao kama mgeni, na kila mwanamke alikuwa anakumbuka jirani fulani, ugonjwa fulani, uji fulani wa zamani. Kuhusu dawa hakuna aliyefikiria hata kidogo. Dawa ni kitu cha miti. Uji ukikataliwa na mwenyewe, basi kuna mkono wa mtu ndani.

"Mwaitu," Mutindi akasema. Alikuwa anakung'uta uji kwenye blauzi. "Unajua umenifanya nini? Sasa mimi nitaitwa nini hapa?"

"Uitwe chochote. Ulionja hiyo kitu?"

Mutindi akageuza uso.

Ndipo Aloys akaja, anatembea ule mwendo wake, anatabasamu kabla hajaambiwa kinachochekesha. Mbithe akamweleza nusu, na nusu akaimalizia mwenyewe, kwa maana mtu wa aina hiyo haelezwi, anajua tayari. Akaangua kicheko.

"Wamama wa Kangundo na uchawi. Mwaka huu wa leo." Akauchukua mtungi. "Aloys haogopi mchawi. Mchawi ndiye anaogopa Aloys."

"Usinywe," Ndila akamwambia. Alimdharau mpaka kwenye gambuti, lakini mtu ni mtu. "Iko kwa mkono wa mtungi. Kuna dawa ndani ya mkono."

"Mkono," Aloys akawaambia wengine, "una dawa." Wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Bwana Wathome, nakuomba. Usinywe."

Alimkonyeza. Kisha akauinua mtungi juu kabisa, kichwa nyuma, kama vijana wanavyokunywa soda wakitaka waonekane, na koo lake likapanda na kushuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipouteremsha alikuwa na masharubu ya uji.

"Iko sawa. Sukari ndio haitoshi." Akaokota kikombe, akakipangusa kwa suruali, akamimina uji, akampa Mutindi. "Kunywa, mrembo. Usiogope mamako."

Mutindi akakipokea. Ndila alipiga hatua moja na Mbithe akamshika mkono wa kushoto, na mwingine akamshika wa kulia, kwa nguvu ya wanawake wanaobeba kreti. Mutindi alikuwa anamwangalia mama yake moja kwa moja. Ndila aliyajua yale macho. Ni ya mtoto anayeweza kunywa hata petroli ili tu wewe uonekane mjinga.

Kwa hivyo hakupiga kelele. Alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya na binti yake, alipatana naye.

"Mutindi. Sikuzuii. Ngoja tu huyu baba achume mti mmoja. Ule pale. Akimaliza na ako sawa, kunywa, na mimi nitakunywa baada yako, na nitapiga magoti nimwombe msamaha mbele ya hawa wote."

Watu wakapenda. Ndila kwa magoti, Ndila wa mdomo, hiyo ilikuwa burudani ambayo hawangeikosa. Aloys naye akapenda kuliko wote. Alitemea mate mikono yake, akachukua fimbo ya kuchumia kutoka kwa mwanamke mmoja, akauendea mwembe.

Ilionekana mara moja kwamba hajui kuchuma. Miaka yote ya firimbi, na hajui. Alikuwa anasukuma embe badala ya kulivuta, yanaanguka nje ya mfuko, yanapasuka chini. Maembe ambayo angemfukuza mtu kwa kuyaangusha, aliyaangusha yeye, akiyakanyaga na gambuti anapogeuka. Wanawake walicheka kwa adabu. "Huu mti ni mbishi," alisema. Akavua kofia. Akajipangusa shingo. Baadaye kidogo akajipangusa tena, na jasho likatoka tena hapo hapo, kama nguo inayokamuliwa.

Ndila hakumwangalia. Aliangalia kikombe. Mutindi alikuwa amekishika kwa mikono miwili karibu na kifua, na Ndila aliangalia ukingo wa kile kikombe mpaka macho yakamwasha. Kikipanda kidogo, moyo wake unapanda. Kikishuka, unabaki palepale.

Halafu watu wakaacha kucheka. Aloys alikuwa amesimama ameinama, fimbo ameifanya mkongojo, na mate yanamtoka. Hakuwa anatema, yalikuwa yanatiririka tu, kamba ndefu kutoka mdomoni mpaka kwenye firimbi. Alijaribu kusema kitu cha kuchekesha, uso wake ulionyesha hivyo, na badala yake akatapika kwenye gambuti zake. Fimbo ikaanguka. Akaifuata. Mbithe alimwachilia Ndila na kukimbia kumshika kichwa, na alipomfungua macho akarudi nyuma. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano.

Ndila akageuka kwa Mutindi. Kikombe kilikuwa chini, kitupu, kimelala upande.

"Umekunywa?"

Mutindi alikuwa anamwangalia Aloys, mkono mdomoni.

"Mutindi. Umekunywa?"

Wakati huo ndipo pikapu ya Abdihakim iliingia. Abdihakim ni mfanyabiashara wa mbuzi, ana boma lake upande wa Kinanie, na alikuwa anakuja kila wiki kuchukua maembe ya kuanguka awape mbuzi. Kila alipokuja aliuliza swali moja kabla hajazima gari: dawa imepigwa lini? Na Aloys, huyo huyo, alikuwa anavua kofia na kumwambia ukweli, kwamba laini hii ngoja wiki mbili, laini ile ni salama. Kwa mbuzi kulikuwa na tarehe. Wachumaji walikuwa wanalamba vidole chini ya miti hiyo hiyo na hakuna aliyewaambia kitu.

Abdihakim aliona mtu chini, akaona mtungi, akaushika na kuunusa mara moja tu.

"Nani amekunywa kwa hii?"

"Huyu. Na pengine mtoto wangu," Ndila akasema. "Ni dawa, iko kwa mkono wa mtungi. Mbebe, na uende na mtungi, daktari auone."

Wanaume wa kreti wakamwinua Aloys. Ndila alimvuta Mutindi apande pia, Mutindi akashika mwembe akakataa. Gari lilikuwa limeshajaa nusu maembe mabovu ya mashamba mengine, na hapakuwa na wakati wa kuyatoa, kwa hivyo bwana wa "watu wangu" alilazwa juu ya chakula cha mbuzi, firimbi inaning'inia, na gari likaondoka likimwaga maembe njiani. Hakufa. Nitasema mapema usije ukamwonea huruma bure. Alilala hospitali siku kadhaa, akarudi, na hadithi anayosimulia siku hizi ni kwamba alipata malaria.

Lakini pale chini ya miti vumbi la gari lilikuwa halijatua bado, na Mbithe alikuwa amesimama ametoa macho, anahesabu kwa vidole. Si vidole vya pesa. Alikuwa anahesabu wajukuu. Halafu akaanza kukimbia kuelekea nyumbani, bila leso, bila kuaga, na wale wengine waliopewa mitungi wakamfuata mmoja mmoja, mpaka kwenye banda pakabaki kreti na nzi. Hakuna aliyemwambia Ndila pole. Hakuna aliyemwambia asante. Na hakungoja, kwa sababu alikuwa ameshamshika Mutindi kifundo cha mkono na anapanda naye kilima.

"Umekunywa?"

Mutindi aliangalia mawe ya njia.

"Kule nyumbani ulionja kutoka wapi?"

Mutindi alikuwa anatembea upande, mbali kadiri mkono wake ulivyoruhusu. Ndila alimtazama kila hatua. Alitazama kama anameza mate sana. Alitazama kwapa zake, akaona jasho, akaogopa, halafu akakumbuka kwamba jua ni kali na yeye mwenyewe amelowa. Msichana alipojikwaa kwenye jiwe Ndila alimkumbatia kiuno akidhani anaanguka, na Mutindi akamsukuma.

"Niachilie. Nimekanyaga jiwe tu. Watu hawakanyagi jiwe?"

Walipofika kwenye zahanati, Mutindi alisimama langoni na kukataa kuingia. Kulikuwa na watu wanaomjua kwenye benchi.

"Nilimwaga," akasema, akiangalia barabara.

"Wapi?"

"Chini ya mwembe. Alipoanza kutoa mate."

"Na nyumbani?"

"Nilionja kwa sufuria. Mtungi niliujaza baadaye, Mwelu alipouleta." Akavuta pumzi. "Umeridhika? Twende nyumbani."

"Ingia."

"Nimekuambia sijakunywa."

"Hata mtungi uliniambia umetupa. Ingia."

Akaingia. Alipimwa presha, akamulikwa tochi machoni, akaulizwa maswali kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, na daktari akasema hana kitu, wakae kidogo tu waone. Wakakaa. Jua likahama kutoka miguuni mwao mpaka ukutani. Mutindi alikuwa amekunja mikono juu ya doa la uji lililokauka kwenye blauzi.

"Leo nakuchukia," akamwambia mama yake.

"Sawa," Ndila akasema. Akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, na akayaangalia macho yake tena. Mboni zilikuwa kubwa, nyeusi, zimejaa hasira. Aliziangalia kwa muda mrefu, halafu akamwachilia, na baada ya kidogo akamgeuza akaangalia tena.